Kabla ya Sindano, Kifua Kipimwe

Kipindi cha leo kinahusu baridi yabisi, ugonjwa ambao jina lake limewapotosha wengi. Asubuhi za Gitega ni za baridi kweli, na mama anayeamka na vidole vilivyokakamaa, asiweze kushika mpini wa jembe mpaka jua lipande, huilaumu hewa. Hewa haina kosa. Ni kinga ya mwili wake iliyomgeuka, ikashambulia utando wa ndani ya viungo, na isipozuiwa hula gegedu na mfupa.

Kinga hiyo huita askari wake kwa protini iitwayo TNF. Mwaka 1992, mjini London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwapa wagonjwa dawa ya kuinyamazisha, na viungo vilivyovimba vikanywea. Ndiyo njia iliyoleta dawa za kibiolojia kama infliximab, etanercept na adalimumab. Hutolewa kwa sindano au dripu, kwa sababu zenyewe ni protini. Zikimezwa, tumbo litazimeng'enya kama maharage.

Haziponyi. Huukandamiza ugonjwa, ndiyo maana mgonjwa huzitumia miaka na miaka.

Sasa tegeni sikio. TNF hiyohiyo ndiyo inayolinda ukuta unaofungia vijidudu vya kifua kikuu mwilini, na mtu anaweza kuishi navyo maisha yake yote bila kukohoa. TNF ikizimwa, ukuta hubomoka. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walieleza habari za watu 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliximab. Kati yao, 64 walitoka nchi ambako ugonjwa huo ni nadra. Burundi si nchi ya namna hiyo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumab katika orodha ya dawa muhimu. Bei bado ni mzigo, na dawa yenyewe hudai friji ya nyuzi 2 hadi 8, umeme ukatike usikatike. Kwa walio wengi dawa ya kwanza ni methotrexate, inayomezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu.

Atakayeanzishiwa sindano hizi, iwe Bujumbura au nje ya nchi, amwombe daktari ampime kwanza kifua kikuu na homa ya ini ya B. Na akikohoa wiki mbili akiwa kwenye dawa, arudi hospitali bila kungoja tarehe yake.