Nyumba Nzima Ndani ya Safina

Masomo: Mwanzo 7:1-9, Kumbukumbu la Torati 6:4-7, Waebrania 11:7

 

Leo Neno linatupeleka kwa Nuhu. Sisi wahubiri tukifika kwa Nuhu tunapenda kusema juu ya gharika, juu ya dhambi ya dunia ile, na juu ya mlango ambao Mungu mwenyewe aliufunga. Ni vema. Lakini soma tena Mwanzo sura ya 7 polepole, uangalie ni nani walioingia. Nuhu hakuingia peke yake. Aliingia pamoja na mke wake, wana wake watatu, na wake za wana wake. Watu 8. Na pamoja nao wakaingia wanyama, dume na jike.

Mnaona, wapendwa? Mungu alimpa mtu mmoja kazi mbili kwa wakati mmoja: kuokoa nyumba yake, na kulinda uhai wa viumbe vya Mungu. Hakumwambia achague mojawapo. Tena alimwagiza aweke akiba ya chakula, cha watu na cha wanyama. Sasa jiulize, ndani ya safina ile ni nani aliyekuwa akilisha wanyama asubuhi na jioni? Mikono iliyokuwepo ilikuwa ya watu 8 tu, baba, mama, watoto na wakwe. Ilikuwa kazi ya jamaa nzima.

Kwa ajili ya somo hili nataka tumkumbuke baba mmoja aliyefariki, ambaye wengi wenu mlimwona kwenye televisheni. Ni yule mwanaume wa Australia mwenye shati na kaptula ya kaki, aliyekuwa akimrukia mamba mgongoni huku watu wanapiga kelele. Jina lake Steve Irwin.

Najua kuna mpendwa atakayeuliza, "Mchungaji, je, mtu huyo alikuwa ameokoka?" Ndugu yangu, kiti cha hukumu si changu wala si chako. Bwana wetu alipotaka kufundisha juu ya jirani alichukua Msamaria, na alipotaka kufundisha juu ya kutokuwa na mashaka alituonyesha kunguru na maua ya shambani. Sisi leo tunachukua maisha ya baba mmoja, tuyapime kwa Neno, tuone yanatufundisha nini.

Steve alizaliwa tarehe 22 Februari 1962. Baba yake, Bob, na mama yake, Lyn, walipenda sana wanyama. Mwaka 1970 walihamia jimbo la Queensland, wakafungua mahali padogo pa kutunza nyoka, mamba na wanyama wengine, pale Beerwah. Mama Lyn alikuwa akichukua wanyama wadogo walioumia au waliofiwa na mama zao, anawalea ndani ya nyumba. Mtoto Steve alikulia humo. Alipokuwa na miaka 9 tu, alimkamata mamba wake wa kwanza, baba yake akiwa hapo karibu anamsimamia. Baba hakumwambia mtoto, "Kaa nyumbani, hii ni kazi ya wakubwa." Wala hakumtuma peke yake. Alikwenda naye.

Alipokuwa mtu mzima, Steve alifanya kazi ya kujitolea kwa ajili ya serikali ya Queensland: kukamata mamba waliokuwa hatari kwa watu. Hapa wandugu wa Uvira na wa kando ya Ruzizi watanielewa vizuri. Ninyi mnamjua mamba. Mnajua jamaa zilizopoteza mtu mtoni, na hakuna anayeweza kuja kuwaambia kwamba mamba ni rafiki. Steve naye hakusema hivyo. Alijua kwamba mamba akizoea mahali penye watu, mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: ataua mtu, au atapigwa risasi. Kwa hiyo alikaa porini siku nyingi, usiku, ndani ya mashua, akitega mitego ili amtoe mamba akiwa mzima na kumpeleka mahali pengine. Mtu alipona, na mnyama alipona. Kazi yake ilikuwa ya safari na hatari, lakini haikuwa mchezo.

Mwaka 1991 alikutana na Terri, dada wa Marekani aliyekuwa naye akitunza wanyama walioumia. Wakaoana mwezi wa 6 mwaka 1992. Na fungate yao, wapendwa, sikieni: walikwenda kutega mamba! Picha za sinema zilizopigwa katika safari ile ndizo zilizokuwa mwanzo wa kipindi kilichomfanya ajulikane duniani. Wakapata watoto wawili, Bindi mwaka 1998 na Robert mwaka 2003. Na watoto hawa hawakubaki nyumbani wakimsubiri baba. Walikwenda naye porini, walilala naye kambini.

Sasa turudi katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Musa anawaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto maneno ya Mungu. Wakati gani? Anataja wakati wa kukaa nyumbani, wa kutembea njiani, wa kulala, na wa kuamka. Yaani mtoto hafundishwi kwa hotuba moja ya siku ya Pasaka. Anafundishwa kwa kuwa karibu na wewe ukiwa unaishi.

Papa mwenye kunisikia, hapa ndipo Neno linatugusa. Sisi wanaume wa Kongo tunatoka. Mmoja anakwenda machimboni, anakaa miezi 6. Mwingine yuko kwenye lori. Mwingine, na hapa nasema na sisi watumishi, yuko semina wiki hii na kampeni wiki ijayo. Tunatuma feza ya masomo, na kutuma feza ni vema, wengine hawatumi kitu. Lakini mtoto anajua tu kwamba baba ana kazi. Hajui baba anapenda nini. Hajui kwa nini baba anaamka usiku kuomba. Siku baba akifa, mtoto anarithi koti na deni, lakini ule moto uliokuwa ndani ya baba unazikwa pamoja naye.

Sitaki tumfanye Steve kuwa malaika. Mwezi wa Januari 2004 aliingia kwa mamba ili kumlisha mbele ya watu, huku amembeba mtoto wake Robert, mwenye mwezi mmoja, kwa mkono mmoja. Watu wengi sana walimlaumu. Yeye alisema kwamba mtoto hakuwa hatarini. Mimi kama mchungaji nasema: mtoto mchanga hana kazi yoyote mbele ya mamba. Kutembea na mtoto wako si kumtia katika hatari. Hata Bob alimsubiri mwanawe akue kwanza. Tuchukue jema la mtu, na lile lisilofaa tuliache.

Tarehe 4 Septemba 2006, Steve alikuwa baharini, mahali panapoitwa Batt Reef, huko Queensland. Hali ya hewa ilikuwa imezuia kazi kubwa waliyoiendea, kwa hiyo akashuka majini kupiga picha kidogo kwa ajili ya kipindi cha binti yake. Angalieni, hata siku ile alikuwa katika kazi ya mtoto wake. Hapo akakutana na taa, samaki mpana na bapa, mwenye mwiba katika mkia. Mwiba ule ukampiga kifuani. Akafariki. Alikuwa na miaka 44. Bindi alikuwa na miaka 8, na Robert alikuwa hajatimiza miaka 3.

Serikali ya nchi yao ilitaka kumpa maziko makubwa ya taifa. Jamaa ikakataa. Mzee Bob alisema kwamba mwanawe angependa akumbukwe kama mtu wa kawaida tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo fundisho lilipo. Baada ya kifo kile, makundi mawili yalionekana.

Kundi la kwanza: kando ya bahari ya Queensland, taa kadhaa walikutwa wamekufa, wengine wamekatwa mikia. Watu walifikiri kwamba kuna wenye hasira waliokuwa wakilipiza kisasi kwa ajili ya Steve. Wenzake wa kazi wakasema wazi kwamba jambo hilo ni kinyume kabisa cha yale aliyoyaishi. Kama kweli waliofanya hivyo walikuwa wapenzi wake, basi walimpenda kwa macho ya televisheni. Walimwona, lakini hawakutembea naye.

Kundi la pili ni nyumba yake. Tarehe 20 Septemba 2006 maelfu ya watu walikusanyika kwa ajili ya kumkumbuka, pale alipokuwa akifanya kazi. Binti wa miaka 8 akasimama na karatasi yake mkononi. Akawaambia watu kwamba baba yake alikuwa shujaa wake, kwamba alimsikiliza na kumfundisha mambo mengi, na kwamba yeye hataki ile kazi ya baba ikome. Hakuomba kisasi. Mwiba wa samaki ulikuwa umemwachisha baba, na yeye akasema atawalinda viumbe wa Mungu kama baba alivyowalinda.

Je, alitimiza? Miaka imepita. Bindi na Robert ni watu wazima, na mpaka leo wanafanya kazi ile pamoja na mama yao. Mama Lyn alipofariki katika ajali ya gari mwaka 2000, Steve hakumjengea mnara. Alijenga hospitali ya wanyama wa porini, iliyofunguliwa mwaka 2004, kwa sababu mama ndiye aliyeanza kuwahurumia walioumia. Hospitali ile imekwisha kutibu wanyama zaidi ya 100,000. Siku Bindi alipoolewa, tarehe 25 Machi 2020, ndugu yake Robert ndiye aliyemsindikiza mahali pa baba, na waliwasha mshumaa kwa kumkumbuka. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, Bindi akazaa mtoto wa kike, wakamwita Grace, maana yake Neema. Bibi, mwana, wajukuu, kitukuu. Vizazi vinne.

Wandugu, nasi tuko na safina yetu hapa Kongo. Parki ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ndiyo ya kwanza kabisa katika Afrika. Walinzi wake zaidi ya 200 wamekwisha kufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja, pamoja na dereva na raia 4. Hao hawakuwa watu wa televisheni. Walikuwa baba za watu, wengine waliimba katika makanisa kama yetu. Wako wajane wao ambao walishona nguo pale Rumangabo ili watoto wasome. Dunia ilimlilia Steve, na ni haki. Je, sisi tumewalilia walio wetu?

Simhukumu mama anayeuza makala ili alipe minerval. Najua njaa, na najua vita vilivyotufikisha hapa. Lakini tukumbuke kwamba makala mengi ya Goma yanatoka katika miti ya parki ile. Mungu alipomweka mtu katika bustani, Mwanzo 2:15, alimpa ailime na aitunze. Kulima tunajua. Kutunza tumewaachia wachache, na hao wachache wanakufa.

Kwa hiyo wiki hii nawapa kazi tatu. Baba, chukua mtoto mmoja uende naye mahali unapofanya kazi, au shambani, au katika maombi yako ya alfajiri. Umweleze kwa nini unafanya unachofanya. Mama, panda mti mmoja kando ya nyumba, na mtoto ndiye aumwagilie maji. Na sisi wote, tumtafute mjane mmoja wa mlinzi, au wa mtu yeyote aliyekufa kazini, tumtembelee. Usiende mikono mitupu.

Wapendwa, mtu hajui siku yake. Steve alishuka majini akifikiri atarudi chaineni kula na wenzake. Usiseme, "Nitamfundisha mtoto nikistaafu." Nuhu hakungoja mvua ianze ndipo awaite wanawe. Waliijenga safina naye wakati jua lilikuwa bado linawaka.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, asante kwa uhai wa watu na wa viumbe vyote ulivyoviumba. Wafariji wajane na yatima. Uwarudishe baba katika nyumba zao, na watoto karibu na baba zao. Utupe kulinda kile ulichotukabidhi. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki, na wiki iwe njema kwenu nyote.