Moshi wa Asubuhi: Kuusoma Kabla ya Kufungua Injini
Mada kwa semina ya mafundi wa magari, Bukavu



Mwenye gari akija kulalamika kwamba injini inatoa moshi asubuhi, simwulizi kwanza rangi yake. Namwuliza: usiku uliliegesha wapi, na pua ilielekea wapi? Mji wetu ni wa miteremko. Gari likilala limeinamisha pua, oili hukusanyika upande mmoja wa silinda hedi, na kama sili za valvu zimekauka, hupenya tone kwa tone hadi alfajiri. Ukiwasha, wingu la buluu hutoka kwa sekunde chache, kisha linakwisha. Usiku unaofuata liegeshwe mahali tambarare. Wingu likipungua, umeshajua pa kuanzia.

Barabara zetu zinatupa kipimo kingine. Teremka na gari la petroli kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, halafu huko chini kanyaga. Wakati wa kuteremka injini hufyonza kwa nguvu, nayo oili huvutwa kupitia sili zilizochakaa. Moshi wa buluu utauona pale unapokanyaga tena. Lakini ukitoka muda wote gari linapopanda na mzigo, shuku ringi, zile tunazoziita segima. Sili mara nyingi hubadilishwa bila kuitoa injini. Ringi zinadai kuifungua yote, na anayelipa ni mteja.

Mvuke mweupe unaopotea injini ikipata joto si ugonjwa. Usiopotea, wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Kwa dizeli, moshi mweupe unaowasha macho ni mazutu ambayo hayakuungua. Pima buji za kupasha moto, moja moja.

Hapa ndipo nataka tukae. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji uko juu zaidi. Mgandamizo wa hewa yetu ni kama sehemu tano kwa sita za ule wa pwani. Kwa hiyo injini nzima ambayo pwani ingeonyesha kilo 12 kwenye geji ya kompresheni, hapa itaonyesha karibu kilo 10. Dizeli, ambayo huwasha mazutu kwa joto la hewa iliyobanwa, inaanza asubuhi na upungufu huo huo. Ndiyo maana buji moja iliyokufa hapa husumbua kuliko pwani. Niliwahi kuamini namba ya kitabu, nikafungua injini. Silinda zilikuwa safi, michirizi ya kiwandani bado inaonekana. Ubovu ulikuwa kwenye buji mbili. Mwenye gari alikuwa amekopa fedha za kazi ile, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Basi tulinganishe silinda na silinda kabla ya kulinganisha na kitabu. Kwenye injini ya petroli, ile iliyo chini kuliko wenzake itiwe kijiko cha oili, ipimwe tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Kuna injini ambayo hata utaratibu huu hauitoshi: ya rota, ya Mazda RX-7 na RX-8. Haina pistoni wala valvu. Pampu yake huingiza oili kidogo chumbani kwa makusudi, ili kulainisha sili za ncha za rota, hivyo kupungua kwa oili peke yake si ushahidi. Moshi mweupe usiokwisha baada ya kuwasha hutufanya tushuku sili za maji; wa buluu, ringi za oili ubavuni mwa rota. Na kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu, geji ya kawaida ikikupa namba moja imekuficha mbili.

Pendekezo langu kwa semina ni daftari. Kila garaji iandike kompresheni ya kila injini nzima inayopita mikononi mwake: aina, kilomita, usomaji wa kila silinda. Tuyakusanye madaftari hayo yawe vipimo vya Bukavu. Kesho saa 12 asubuhi tutaanza na magari yaliyolala uani. Tafadhali, mtu asiyawashe kabla hatujafika.