Vidonda vya Kinywa Visivyopona

Mkaazi wa Jadida, kule Wete, Pemba, akitokwa na vidonda mdomoni, mara nyingi huanza na maji ya chumvi, kisha dawa ya fangasi, kisha antibayotiki. Wiki zinapita; ndimu na pilipili zinamuunguza, ufizi unachubuka, akipiga mswaki anatema damu. Hapo ndipo pa kujiuliza iwapo kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe.

Ugonjwa mmoja wa aina hiyo ni pemfigasi. Kinga hushambulia protini zinazoshikanisha seli, malengelenge yakatoka na kupasuka upesi, daktari akakuta kidonda kitupu. Mara nyingi huanza kinywani, miezi kadhaa kabla ya ngozi. Hauambukizi, wala si uchawi.

Kuutambua, hukatwa kinyama kidogo pembeni mwa kidonda, si katikati. Kipande kimoja hutiwa kwenye fomalini. Kile cha kupimia kingamwili hakitiwi humo, maana kitaharibika. Kwa Mpemba, kipimo hicho chaweza kuhitaji rufaa ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Tiba kuu ni dawa za steroidi, kama prednisoloni. Kabla hazijaanza kutumika miaka ya 1950, wagonjwa wengi walifariki. Lakini dawa hizo hupandisha sukari na kudhoofisha kinga. Kwa hiyo mgonjwa achunguzwe kwanza kisukari, kifua kikuu na minyoo, na asiziache ghafla.

Kidonda cha kinywa kikizidi wiki 2, usibadilishe dawa dukani. Nenda hospitali, uliza kuhusu kipimo cha kinyama.