Gharama ya Kujikaza

Hotuba ya watu wazima watatu wenye usonji kutoka Kinondoni na Temeke, iliyosomwa mbele ya wanakamati wa parokia na wafadhili.



Hotuba hii tumeiandika sisi watu watatu, na mmoja wetu ndiye anayeisoma. Tuliomba tuisome kwenye karatasi badala ya kuzungumza tu, na sababu ya ombi hilo mtaiona humu ndani.

Mmoja wetu ni fundi simu Mwananyamala. Wa pili ni mama anayeshona nguo Mbagala. Wa tatu ni mwalimu, anaishi Tegeta. Mkikutana nasi njiani mnaona watu wa kawaida: tunasalimia, tunacheka wenzetu wanapocheka, tunauliza habari za watoto. Hivyo basi, mtu akiambiwa kwamba tuna usonji hujibu, "Mbona hamfanani?" Leo tungependa kueleza kwa nini hatufanani, na jambo hilo linatugharimu nini.

USONJI HAUISHI UTOTONI

Usonji si laana, hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua tangu mwanzo wa maisha yake, naye huzeeka nao. Mwenye usonji hupata shida kuelewa yale ambayo watu hawayasemi kwa maneno. Hupenda mambo yaende kwa mpangilio uleule. Mara nyingi kelele, mwanga au kuguswa humwelemea kuliko wenzake. Hata hivyo hatufanani sisi kwa sisi. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaosema sana.

Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye watu waliuona usonji kuwa jambo la watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Watoto hukua, kwa hiyo katika hesabu hiyo wamo akina baba, akina mama na mababu.

Hapa Dar es Salaam tunashukuru kuwa na shule kama Msimbazi Mseto kule Ilala, yenye kitengo cha watoto wenye usonji. Sisi hatukupelekwa popote, kwa sababu tulijua kuongea na darasani tulifaulu. Mwalimu wetu wa Tegeta alijifahamu akiwa na miaka 41, siku alipompeleka mwanawe kliniki. Daktari aliuliza maswali kuhusu mtoto, naye kila swali akaona linamgusa yeye mwenyewe.

KUJIKAZA

Wataalamu wanasema watu kama sisi huficha usonji wao. Sisi tunaita kujikaza, maana ndilo neno tulilolelewa nalo. Ukilia unaambiwa jikaze. Ukiziba masikio kwa ajili ya kelele unaambiwa jikaze.

Lugha yetu ni ya salamu. Mtu hapiti bila kuulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za kazi, na jibu ni nzuri hata kama mwenye nyumba kamfungia chumba. Kwa wenzetu maneno haya hutoka yenyewe kama pumzi. Kwetu ni hesabu inayopigwa upya kila mara. Fundi wetu wa simu huzifanyia mazoezi salamu zake kabla ya kufungua mlango asubuhi. Mpira haupendi, lakini kila Jumatatu hutafuta matokeo ya Simba na Yanga ili awe na neno la kusema kijiweni.

Tena watu hawasemi wanachomaanisha. Mtu anainuka na kusema "nakuja", kumbe anaondoka. Tulipokuwa vijana tulikuwa tunawangoja. Huyu fundi wetu alipoajiriwa kwa mara ya kwanza alimwambia mteja ukweli kwamba simu yake haifai kutengenezwa, anunue nyingine. Aliachishwa kazi wiki hiyohiyo kwa kuwa hajui kuongea na watu. Tangu hapo amejifunza kusema "tutaangalia", na kila anapolisema anajiona mwongo.

Vipo vipimo vilivyotungwa ughaibuni vinavyoeleza kwamba mwenye usonji hukwepa kumtazama mtu machoni. Kwetu sisi mtoto anayemkazia mzee macho ndiye asiye na adabu. Tulisifiwa kwa heshima, na hakuna aliyegundua kwamba tulikuwa tunakwepa. Mtoto wa kike ndiye hufichika zaidi. Dada yetu wa Mbagala aliitwa mpole mpaka siku alipoolewa. Baada ya hapo ukimya uleule ukaitwa maringo.

GHARAMA YAKE

Mwaka 2017 watafiti wa London wakiongozwa na Laura Hull walichapisha majibu ya watu wazima 92 wenye usonji waliosimulia namna wanavyojificha. Walieleza kwamba hufanya hivyo ili wakubalike na wapate marafiki, na kwamba baadaye huchoka mno, wengine wakafikia kutojua wao ni nani hasa. Sisi tulio Kinondoni na Temeke tunasema hivyohivyo. Ukitoka kazini umejikaza saa kumi, ukapanda daladala yenye muziki na mbanano, ukifika nyumbani huna hata neno moja la kumpa mke au mume wako. Umeme ukikatika, jirani hulalamika. Sisi hushukuru, maana redio imenyamaza.

Utafiti mwingine wa Uingereza, wa Sarah Cassidy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kujificha huku kunaendana na mawazo ya kutaka kujiua. Tunalisema hili mbele yenu kwa makusudi. Mtu akiwaambia amechoka kuishi, tafadhali msimwambie ajikaze. Kaeni naye, na mmpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Dada yetu ametukubalia tusimulie habari yake. Alikuwa mwanajumuiya kwa miaka sita. Misiba ndiyo iliyomshinda: vilio, spika, kubanana mkekani, kukumbatiwa na kila anayeingia. Akawa anatuma mchango na kubaki nyumbani. Mama yake alipofariki, waliokuja kumsaidia kupika walikuwa wanne. Baada ya mazishi aliosha masufuria peke yake mpaka usiku. Majirani hawakuwa wabaya. Walidhani yeye ndiye asiyewapenda. Naye angewaeleza nini, wakati neno usonji hakuwahi kulisikia?

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Kujikaza kukifanikiwa, mtu hapati msaada kwa sababu haonekani kuuhitaji. Kukishindikana, anapata jina baya. Kwa vyovyote vile anabaki peke yake.

TUNAOMBA NINI

Hatusemi salamu ziondolewe. Salamu ni upendo, na sisi tunataka kupendwa. Hatukuja kuomba jengo pia. Ombi letu kwa wanakamati ni dogo, nalo ni hili:

Kwanza, kikao kiwe na ratiba ya maandishi, na saa ya kumaliza ijulikane.

Pili, mtu akikaa karibu na mlango, au akitoka nje kupumua, asiitwe mbele.

Tatu, mkitaka jambo mtuambie waziwazi. Hatutaudhika.

Nne, asiyeweza kukaa mkekani apewe kazi ya mikono. Kuchota maji ni kuzika. Kuandika majina ya waliochanga ni kuzika.

Kwa wafadhili wetu tunasema asanteni kwa yale mnayowafanyia watoto, wala msiyapunguze. Tunaomba tu mkumbuke kwamba mtoto mnayemsomesha leo atafikisha miaka 30. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Lakini mtu ambaye hajawahi kupimwa, na anayeogopa kufukuzwa akijitaja, sheria hiyo haimfikii. Mkitenga fungu kwa ajili ya watu wazima kupimwa na kupata ushauri, mtakuwa mmewafikia walio karibu nanyi zaidi ya mnavyodhani.

Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest huko Mississippi. Alifanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na uwezo. Lakini waliofika kuandika habari zake walikuta kwamba watu wa mji ule walimjua kwa tabia zake zote na walimhesabu kuwa mtu wao. Fedha zile hatuna. Majirani tunao, kila jumuiya.

Tunamaliza na habari ya dada yetu. Mwaka jana jirani yake alifiwa. Mwenyekiti wa jumuiya, ambaye sasa anaelewa, alimpa daftari la rambirambi na kiti nyuma ya nyumba, mbali na spika. Alikaa siku zote tatu. Hesabu ilipofungwa haikupungua hata shilingi. Mfiwa alimfuata palepale alipokaa, akamshukuru bila kumkumbatia, naye kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani kutoka msibani akiwa hajachoka.