Mkasi Ndio Uandikao Tarehe ya Mavuno

Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Magomeni, Dar es Salaam



Barabara ya Morogoro, ipitayo hapa Magomeni na kuteremka Jangwani kuelekea Kariakoo, ni mlango mkubwa wa mazao ya bara yanayoingia jijini. Karibu na mwezi wa Machi, na tena katika miezi ya Agosti na Septemba, mlango huo hupitisha zao ambalo wakazi wengi wa jiji hulijua kwenye sinia la mchuuzi tu: zabibu za Dodoma. Mchuuzi wa Magomeni, mwenye meza ya matunda Kariakoo, na familia ya Dodoma yenye kiwanda kidogo cha mvinyo, wote wamefungwa kwa kamba moja. Kamba hiyo ikilegea upande mmoja, upande wa pili hauwezi kusimama. Mazungumzo haya yahusu namna ambavyo chama cha ushirika kinaweza kuikaza.

Mzabibu si mmea wa asili ya nchi hii. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, waliustawisha mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye ukaenea katika vijiji kama Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Hombolo na Mvumi. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimeacha jina lake katika aina ya zabibu nyekundu inayolimwa sana mkoani humo. Katika miaka ya 1980 kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, ilikuwa mnunuzi mkubwa. Iliposimama katika miaka ya 1990, wakulima walijifunza kwa uchungu kwamba kumtegemea mnunuzi mmoja ni kujenga nyumba juu ya nguzo moja. Baada ya mwaka 2000 vilizuka viwanda vya watu binafsi, vikubwa na vidogo, na miongoni mwao familia zinazokamua zabibu za mashamba yao wenyewe.

Ushirika nao haukukosa majaribu. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na hivi leo vyama vyote vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Zao na ushirika wake, basi, vimekulia katika misukosuko, na kila kimoja kina somo la kumpa mwenzake.

Somo la kwanza limo katika tabia ya mzabibu wenyewe. Katika nchi za Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali na huzaa mara moja kwa mwaka. Tarehe ya mavuno huamuliwa na majira, wala mkulima hana amri kubwa juu yake. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Mzabibu huamshwa na mkasi: mkulima akipogolea matawi, macho ya mti hufumbuka, maua hutoka, na baada ya miezi mitatu na nusu hadi minne, kwa kutegemea aina na hali ya hewa, vishada huwa vimeiva. Ndiyo sababu familia moja huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa mvua na mara moja wakati wa kiangazi. Mavuno ya mvua husumbuliwa na magonjwa ya ukungu na sukari yake huweza kupungua. Mavuno ya kiangazi huwa matamu zaidi, kwa kuwa jua ni jingi na maji katika tunda ni machache.

Maana yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mkulima wa Dodoma anayo amri ambayo mwenzake wa Ulaya hana: siku anayoshika mkasi ndiyo siku anayoiandika tarehe ya kuvuna. Lakini amri hiyo hugeuka hasara pale kijiji kizima kinaposhika mkasi katika juma moja. Kijiji kilichopogolea pamoja kitavuna pamoja, na kikivuna pamoja kitauza pamoja, na mnunuzi mwenye lori moja atasimama kati ya mashamba mia moja akichagua bei aipendayo.

Zabibu haina subira. Embe na ndizi zaweza kuchumwa zikiwa mbichi na kuivia njiani au sokoni, lakini zabibu haiivi tena baada ya kukatwa. Ikichumwa chachu itabaki chachu. Ikiachwa mtini kupita kiasi huliwa na ndege na nyuki, hupasuka na kuoza. Korosho yaweza kukaa ghalani ikisubiri mnada, na stakabadhi ya ghala ikamlinda mwenyewe. Zabibu mbichi haina ghala la namna hiyo. Kwa hiyo mkulima wa zabibu asiyejipanga kabla ya kupogolea hana nafasi ya kujipanga baada ya kuvuna.

Na ichukuliwe familia moja kwa mfano wa hesabu. Ina shamba litoalo kilo 3,000 katika mavuno moja, na ina mapipa mawili ya kuchachushia, kila moja likipokea kilo 500 za zabibu zilizopondwa. Zabibu nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake kwa muda wa siku saba hadi kumi, na katika siku hizo maganda yanayoelea juu huzamishwa mara mbili au tatu kwa siku ili rangi itoke na mchuzi usiharibike. Kisha hukamuliwa, na mchuzi wa zabibu ukahamishiwa matanki ya kutunzia, yaliyojazwa hadi juu, kwa maana hewa ikiupata mvinyo huugeuza siki. Kwa kadiri, kilo 100 za zabibu hutoa lita 60 hadi 70 za mchuzi.

Familia hiyo ikipogolea shamba lote kwa siku moja, kilo 3,000 zitaiva pamoja, lakini mapipa yatameza kilo 1,000 tu. Kilo 2,000 zitakazosalia zitauzwa kwa bei yoyote, au zitaozea mtini. Ikiwa imeligawa shamba katika mapande matatu, na kuyapogolea kwa kuachana wiki mbili mbili, basi mapipa yote mawili huwa matupu na safi wakati pande la pili linapoiva, na tena wakati wa la tatu. Ikiwa na matanki ya kutunzia ya kutosha, kilo zote 3,000 hupata pipa, nazo hutoa lita 1,800 hadi 2,100 za mchuzi. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa katika hesabu hiyo; kilichoongezwa ni kalenda. Ni kweli kwamba kalenda hiyo ina mipaka, kwani pande lililocheleweshwa mno laweza kuangukia mvua. Bwana shamba au bibi shamba wa kata hana budi kuulizwa mapema.

Kazi ya kwanza ya chama, basi, ni kalenda ya kupogolea. Jambo analoliweza mkulima mmoja katika shamba lake, chama chaweza kulifanya kwa kijiji kizima. Hapa katibu atakutana na ugumu wa kweli. Wanaovuna mwanzo mara nyingi hupata bei nzuri, na kila mwanachama atataka kuwa wa mwanzo. Kalenda inayowapendelea jamaa za wajumbe wa bodi itakivunja chama haraka kuliko ukame. Dawa yake ni zamu iliyoamuliwa na mkutano mkuu na kuandikwa katika kumbukumbu: kundi lililotangulia msimu huu lifuate nyuma msimu ujao, na orodha ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mwanachama aweza kuisoma.

Kazi ya pili ni kipimo. Zabibu inayokwenda kiwandani ina thamani mbili, uzito na sukari. Mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo, na chama kiwe na kifaa chake cha kupima sukari. Matone machache ya juisi yanatosha kukitumia, na jibu husomwa palepale. Sukari ndiyo igeukayo kileo wakati wa kuchachuka: takribani gramu 17 katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Hivyo mkulima aliyesubiri sukari ifike mahali pake amemtengenezea mwenye kiwanda mvinyo bora, na ni haki yake kulipwa zaidi kuliko aliyekimbilia kuvuna. Stakabadhi ya mapokezi na ioneshe tarehe, kilo, sukari, bei na malipo ya awali, na nakala moja abaki nayo mkulima. Mali bila daftari huisha bila habari. Wakaguzi wa hesabu wa COASCO wakifika hawatauliza zabibu zilikuwa tamu kiasi gani, watauliza leja.

Kazi ya tatu ni chombo cha kungojea. Zabibu haingoji, lakini mchuzi wake, ukikamuliwa kwa usafi na kutiwa katika matanki yanayofaa, waweza kungoja miezi. Chama chenye kinu cha pamoja cha kukamua na matanki yake hakiuzi tena tunda la siku tatu, na mnunuzi huja kuzungumza na watu wasio na haraka. Lakini tanki la pamoja ni deni la pamoja. Kabla ya kukopa, bodi na iuweke mezani ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu, na iwe na mkataba wa maandishi na mnunuzi zaidi ya mmoja. Familia inayotaka kutia mvinyo wake katika chupa na kuuleta Dar es Salaam ikumbuke kwamba ubora ni kazi ya Shirika la Viwango, TBS, na ushuru na stempu ni kazi ya Mamlaka ya Mapato. Ni nafuu kuingiza gharama hizo katika hesabu kabla ya msimu kuliko kuona shehena imezuiliwa.

Na upande wa jiji je? Vyama vya hapa Magomeni na Kariakoo vyaweza kudhani kwamba kazi yao huanzia lori linapofika. Sivyo. Chama cha wachuuzi kinachojua kuwa wanachama wake huuza makreti kadha wa kadha kwa wiki chaweza kupeleka oda yake Dodoma kabla ya kupogolea, na oda hiyo ikaingia katika kalenda. Oda iliyochelewa hadi wakati wa kuvuna ni bahati nasibu. Kiombe zabibu zikatwe asubuhi kabla ya jua kali, zipangwe katika makreti mafupi yenye matundu, zisioshwe kabla ya safari, kwani maji huleta ukungu, na zisafiri usiku, kwa kuwa safari ya kilomita zipatazo 450 katika joto hukausha vikonyo. Kreti lililofika limeoza liandikwe siku hiyo hiyo katika daftari la pande zote mbili, ili hasara isigeuke ugomvi.

Wako pia wanachama wengi ambao dini yao haiwaruhusu pombe. Hao hawako nje ya zao hili. Zabibu za kula ni soko lao kamili, na zabibu kavu pia. Pilau na maandazi ya jiji hili hutumia zabibu kavu, na Kariakoo huuza nyingi zilizotoka ng'ambo. Kilo nne za zabibu mbichi hutoa karibu kilo moja ya zabibu kavu. Jua la kiangazi cha Dodoma halitozwi ushuru, na tunda lililokaushwa kwa usafi laweza kusubiri bei kama ilivyo kwa mchuzi.

Ndugu Wanachama, mzabibu ukitunzwa huzaa kwa miaka mingi. Familia inayoung'oa baada ya misimu miwili ya kukosa soko na kurudia mtama imepoteza zaidi ya mavuno: imepoteza nguzo, waya, samadi na jasho la miaka, na hata soko likirudi, haitakuwa tayari msimu huo. Maamuzi ya kung'oa hufanywa nyumbani kimya kimya, na chama hupata habari shina likiwa limekwisha kuwa kuni. Kwa hiyo mkutano wa kalenda na ufanyike kabla mkasi haujatolewa ukutani. Agenda iwe fupi: nani apogolee lini, nani atanunua, kwa kipimo kipi, na nani ataandika. Chama kitakachoyajibu maswali hayo manne kitakuwa kimevuna nusu ya zabibu zake kabla ya ua la kwanza kutoka.