Mavazi ya Picha na Mavazi ya Hulugho

(Maneno yafuatayo yalisemwa na mama mmoja, fundi wa cherehani, mbele ya wazazi, waalimu na wasichana wa shule huko Hulugho, Kaunti ya Garissa.)



Nimeombwa niseme habari za mavazi ya siku hizi, na habari za wale watu mashuhuri ambao picha zao zatufikia kwa simu hata wakati wa mvua, wakati ambao gari la mizigo lenyewe haliwezi kutufikia. Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nimekaa mbele ya cherehani miaka mingi, na mshonaji huzijua siri za nyumba nyingi: nani amenenepa, nani amekonda, na nani anataka kuchukua nguo kabla hajapata fedha za kulipa. Basi nitakayosema ni maoni yangu mwenyewe, na asiyeyapenda ana ruhusa kuyaacha hapa mlangoni.

Nitaanza na jambo lililonipata. Mama mmoja alinijia siku tatu kabla ya arusi. Binti yake amekataa kwenda kumsindikiza binamu yake, kwa sababu dera lake limekwisha kuonekana katika picha za arusi nyingine. Hana dera bovu. Ana dera lililoonekana. Mnakumbuka ukame ule ulioanza mwisho wa mwaka 2020 ukadumu hata mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ikatupita. Nyumba ile ilikuwa imebakiwa na mbuzi wachache sana. Baba akauza mmoja, naye alikuwa wa maziwa. Mimi nilikata kitambaa, nikashona usiku, nikalipwa fedha yangu. Dera lilivaliwa saa nne au tano, likapigwa picha, na sasa limo sandukuni. Wadogo wa yule binti wanakunywa chai ya rangi.

Siwaelezi haya ili mumcheke msichana. Ikiwa pana wa kulaumiwa, mimi pia nimo, maana nilijua mbuzi yule ametoka wapi.

Wazee husema kwamba mavazi ya kigeni ndiyo yaliyotuharibu. Kwa heshima, sikubaliani nao. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zikifumwa pale, nzuri hata zikapelekwa Misri kuuzwa. Naye mwenyewe alipokewa kwa zawadi ya mavazi, na baadhi yake yalikuwa yametoka Misri. Yaani miaka karibu mia saba iliyopita watu wa pwani hii walikuwa wakiuza nguo zao huko na kuvaa nguo za huko, wala hawakuona haya. Katika karne ya 19 ikaja merikani kutoka viwanda vya Marekani, ikaenea pwani yote na bara. Bibi yangu alivaa guntino, bega moja wazi, na hapana mtu aliyemwita mtovu wa adabu. Jilbabu tunayoivaa leo, ambayo watoto wadhani ilikuwako tangu zamani zote, imeenea kwetu katika muda wa maisha yangu. Naivaa, naipenda, sina nia ya kuivua. Lakini nilikuwapo ilipokuja.

Tena, mara nyingine ni wengine wanaotuiga sisi. Hilo dera lenyewe ndilo diraa ya Wasomali. Nendeni Lamu, Mombasa, hata Dar es Salaam, mtaona akina mama wanapikia nalo jikoni. Kwetu lile jepesi, la kuvaliwa juu ya gogoradi na kufunikwa kwa garbasaari, ni la arusi. Wenzetu wa pwani walilitwaa wakalifanya la pamba, pana, la kuvaliwa kila siku. Na mimi kama mshonaji nasema walitumia akili.

Sasa nije kwa hao watu mashuhuri. Wasichana wananiletea simu na kuniambia, “Mama, nishonee kama huyu.” Wanaoletwa zaidi ni wawili, nami nimeuliza habari zao.

Wa kwanza ni Iman, aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1955. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, mpiga picha Peter Beard akamwona barabarani. Alipofika New York magazeti yakaambiwa kwamba ameokotwa porini akichunga mifugo. Ulikuwa uongo. Baba yake alikuwa balozi, na yeye alisema lugha kadhaa. Hapa Hulugho kuchunga si aibu, nasi tungempokea hata kama angekuwa mchungaji. Lakini tazameni jinsi wauzaji wa picha walivyotaka hadithi kuliko mtu. Alipoanza kazi akaulizwa kama amekuja na poda yake mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na poda ya rangi ya ngozi yake. Hakutafuta dawa ya kuichubua ngozi ifanane na poda. Mwaka 1994 akafungua biashara ya kutengeneza poda zinazofanana na ngozi za watu weusi.

Nalitaja hili kwa sababu naona katika mikoba ya wasichana vichupa vya dawa za kung'arisha uso, vingine havina hata maandishi yanayosomeka. Ngozi iliyochubuliwa, kisha ikapelekwa katika jua letu hili, mimi nimeiona kwa macho nilipokuwa nikipima shingo za watu, na sitaki kuiona tena. Kuna qasil, majani ya mkunazi yaliyosagwa, ambayo mama zetu walijipaka. Na mikunazi inaota huku kwetu.

Wa pili ni Halima Aden. Huyu alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, akaenda Marekani akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2016 aliingia katika mashindano ya urembo ya jimbo la Minnesota akiwa amevaa hijabu, na wenzake walipovaa nguo za kuogelea yeye alivaa iliyomfunika mwili. Mwaka 2017 kampuni kubwa ya wanamitindo ilipotaka kumwandika kazi, alitaka iandikwe katika mkataba kwamba hatavua hijabu. Mwaka 2018 picha yake ilitokea mbele ya gazeti la Vogue la Uingereza. Mwezi wa Novemba 2020 akaiacha kazi ile. Alieleza mwenyewe kwamba kidogo kidogo hijabu yake ilikuwa imegeuzwa, hata mara moja akafungwa suruali za jinzi kichwani mahali pa shungi.

Basi msichana aniletea picha ya Halima, anataka kilemba kile kile, rangi ile ile, na kiatu kile kile ambacho katika mchanga wetu hakiendi hatua kumi. Namwuliza, “Huyu alipata sifa kwa kumwiga nani?” Hanijibu. Hucheka tu, na mara nyingine huondoka akaenda kwa fundi mwingine.

Juu ya vitambaa nina neno moja la kazi. Nguo nyingi zitokazo Dubai na kupitia Eastleigh, katika maduka yaliyoanza pale Garissa Lodge miaka ya 1990, ni za nyuzi za kiwandani. Zang'aa sana, hazikunjiki, lakini jasho hazilinywi. Msichana atembeaye na jilbabu ya namna hiyo saa saba mchana kwenda kisimani huumwa kichwa, kisha twasema ni jicho la watu. Baati ya pamba ni rahisi na huvaliwa miaka. Shikeni kitambaa kwa vidole kabla ya kuuliza bei.

Vijana wa kiume mnacheka. Ninyi mwanyoa nywele kama wachezaji wa mpira wa Ulaya, mistari pembeni, na suruali mnazoniletea nizibane haziruhusu mtu kuchuchumaa akamkamua mbuzi. Lakini sitawasema sana, maana hapa mbele wameketi wazee wenye ndevu nyekundu za hina, nao walianza mtindo kabla yenu.

Sasa nawaambia nilichokusudia. Tangu siku ile ya mbuzi wa maziwa sishoni dera jipya la arusi kwa mtu aliye na la zamani zima. Nitaligeuza: nitabadili shingo, nitatia utepe mpya, nitalipeleka upande wa kulia lililokuwa kushoto, na katika picha hapana atakayelijua isipokuwa mimi. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri nitawafundisha wasichana kazi hiyo bila malipo, mpaka cherehani yangu ichoke. Njoni na dera moja kutoka sandukuni, na mwenye mkasi mkali aje nao, kwa kuwa wangu ni mmoja tu. Nyuzi ninazo.