Mtoto wa Mbwa Akitafuna Vitu vya Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kinondo. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

Nimeombwa niseme juu ya mbwa. Najua wako waliocheka. Kikundi kimezoea kusikia habari za mbegu na kuku, leo analetwa mtu wa mbwa! Lakini ngojeni kidogo, maana jambo hili linagusa shamba, linagusa nyavu, na linagusa ujirani.

Hapa kwetu mbwa hafugwi kwa maringo. Anafugwa kwa sababu ya tumbili, nyani na nguruwe mwitu. Mwenye shamba karibu na msitu wa Kaya Kinondo anajua: mahindi yakianza kushika na mihogo ikianza kunenepa, wageni hao huingia bila hodi. Kaya hatuikati, ni ya wazee, na tangu 2008 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Mbega nao wanalindwa na sheria. Kwa hiyo mkulima anabaki na macho yake, debe la kupiga kelele, na mbwa. Na mbwa wa kubweka anatosha, wa kuua hatumtaki.

Basi mtu anachukua mtoto wa mbwa. Mwezi wa kwanza watoto wanafurahi. Mwezi wa pili ndara moja haionekani. Kisha zinafuata kamba za kitanda, ukingo wa mkeka, kanga iliyoanguka kutoka kwenye kamba, waya wa sola wa kuchaji simu. Mvuvi anaamka alfajiri kufuata maji, anakuta jarife limetobolewa na chelezo zimetafunwa kama mua. Hapo mwenye nyumba anakata shauri. Anamtia yule mbwa kwenye gunia, anakwenda kumwaga kando ya barabara ya Lunga Lunga au nyuma ya mahoteli huko Diani. Wakati huo mbwa ana miezi mitano hivi.

Sasa shikeni hiyo miezi mitano, maana hapo ndipo hasara ilipo.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne yanaanza kung'oka, na mahali pake yanaota meno 42 ya ukubwa. Kazi hiyo inaisha mwezi wa sita au wa saba. Kina mama mnajua mtoto wa binadamu anavyohangaika akiota meno: analia, anauma titi, anatia kila kitu mdomoni. Mbwa naye fizi zinamwasha, na hana mkono wa kusugulia. Anatafuna. Ukikuta jino dogo sakafuni, au tone la damu kwenye kiatu alichokitafuna, usishtuke, ndiyo mambo yenyewe. Kwa hiyo anayemtupa mbwa wa miezi mitano amemlisha wakati wote wa taabu, halafu amemtupa imebaki miezi miwili meno yaishe. Mlinzi amekwenda, na tumbili wanajua.

Sisemi kwamba meno yakiisha ataacha siku hiyo hiyo. Mbwa kijana huendelea kutafuna mpaka kama mwaka mmoja, mara nyingi kwa njaa au kwa kukosa kazi. Njaa ni rahisi kuijua. Mtoto wa mbwa anayepewa makoko ya ugali mara moja jioni atatafuta mwenyewe, na champali ya ngozi inanuka chakula. Chini ya miezi sita apewe mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, ugali uliochanganywa na dagaa au mchuzi wa vichwa vya samaki uliochujwa miiba. Apewe na dawa ya minyoo. Kukosa kazi nako ni hivi: kufungwa mnyororo mfupi chini ya mkorosho tangu asubuhi mpaka magharibi. Mbwa huyo atatafuna mnyororo, atatafuna mti, na siku akifunguliwa atatafuna nyumba. Mtembezeni asubuhi shambani, azoee njia na mipaka ya shamba, atarudi amechoka na kulala.

Sasa tufanye nini? La kwanza ni kuondoa vitu, na hili ni kazi ya watu, mbwa hausiki. Ndara ziwekwe juu, si mlangoni. Kikapu kining'inizwe. Mababu zetu walikuwa na susu ya kutundikia vyakula, panya wasifike. Basi fanyeni vile vile kwa vitu vidogo vidogo. Nyavu na mishipi zipande kwenye uchaga. Ndoana yenye chambo ikiachwa chini ni balaa, akiimeza hapo hamtalia juu ya ndoana tena. Dawa ya panya, dawa za kunyunyizia mimea, betri, mifuko ya plastiki, dawa za binadamu, vyote vifungiwe. Korosho mbichi na maganda yake msiziache chini: mafuta ya ganda, yale yanayotuchuna vidole, yatamchoma mdomo. Na ua wa mnyaa, ule wenye maziwa meupe, msimfunge karibu nao.

La pili, apate chake cha kutafuna. Hapa watu wengi wanateleza. Wanampa ndara iliyochakaa, eti ameridhika nayo. Mbwa hajui ndara kuukuu na ndara mpya! Anachojua ni kwamba ndara ni halali yake. Vivyo hivyo kanga kuukuu, vivyo hivyo kipande cha wavu. Katika nyumba ya mvuvi hata kamba nisingempa. Mpeni kitu ambacho hakifanani na chombo chochote cha nyumbani. Goti bichi la ng'ombe kutoka buchari, kubwa kuliko mdomo wake, ni zuri sana. Atagugumia siku mbili, halafu litupwe kabla halijaoza wala kumeguka. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inapasuka kama sindano na kutoboa matumbo. Mhogo mbichi nao msimpe, una sumu. Fizi zikimwasha sana, chukueni kitambaa kinene cha gunia, kifungeni fundo kubwa, kilowekeni kwenye maji ya mtungi mpaka kipoe, mpeni akiuma huku mkimtazama, na kikianza kutoka nyuzi mkichukue.

La tatu ni kubadilishana, na hili ningeomba watoto walisikie kwa sababu wao ndio wanaoshinda naye. Mbwa ameshika kiatu. Mkimkimbiza, yeye anaona mchezo mtamu umeanza, na kesho ataiba kingine ili mumkimbize. Msikimbie. Mwiteni kwa sauti ya kawaida, mwonyesheni dagaa mmoja, akifungua mdomo semeni "Wacha!", mpeni dagaa, chukueni kiatu, kisha mpeni lile goti lake. Fanyeni hivyo kila mara. Neno liwe moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "wacha", mama "lete", na watoto wakipiga makelele ya Kidigo na Kikamba pamoja, mbwa atachagua kutosikia. Kiswahili, Kidigo, Kikamba, chochote mtakacho, lakini neno moja.

Na fimbo je? Mnaniangalia kana kwamba mnangoja niseme. Mtu anarudi shamba saa nane, anakuta mkeka umechanwa tangu saa tatu, anamwita mbwa na kumpiga. Mbwa anaelewa nini? Anaelewa kwamba ameitwa, amekuja, amepigwa. Kesho ukimwita haji. Wako wanaosema, "Lakini anajua kosa lake, tazama anavyojikunja." Anajikunja kwa sababu ameuona uso wako na fimbo yako. Mkeka alishausahau zamani. Mbwa wa kupigwa hovyo huwa mmoja kati ya wawili: mwoga, anayemkimbia nyani, au mkali, anayeuma mtoto. Wote wawili hawafai shambani. Ukimkuta amekishika sasa hivi, piga makofi, sema neno lako, badilishana naye. Ukichelewa, fagia na unyamaze.

Pilipili na maji ya majani ya mwarobaini yanasaidia kiasi. Pakeni mguu wa kitanda au wa meza, mrudie kila siku mbili. Akionja ataachana nacho, ingawa wapo mbwa wasiojali ukali wala uchungu. Msimpake mbwa mwenyewe mdomoni wala machoni, huo ni ukatili na haumfundishi kitu.

Mkitoka wote, mjengeeni ua mdogo wa fito penye kivuli, na maji, na goti lake. Hawezi kutafuna asichokifikia. Na mkichukua mtoto wa mbwa, msimtoe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Wakicheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kuuma polepole.

Sasa ujirani. Nyua zetu nyingi ni za pamoja, Mkristo huku, Mwislamu huku. Kwa Mwislamu mate ya mbwa ni najisi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mbwa wa kulinda shamba hakatazwi, na wapo Waislamu hapa wanaofuga. Lakini mtoto wa mbwa akiuvuta mswala wa jirani, usikimbilie kutoa shilingi, eti "nitakulipa". Jirani hajapoteza mkeka tu. Nenda kaombe radhi kwanza, uoshe au ununue mwingine kama atakavyo yeye, kisha utengeneze ua wako. Sahani ya mbwa ikae mbali na vyombo, na afundishwe tangu mdogo asipande baraza. Migogoro mingi ya mbwa ingekwisha kwa mambo haya mawili.

Nimebakiza kubwa. Kichaa cha mbwa hupita kwenye mate. Mbwa aliyetupwa nyuma ya mahoteli hana chanjo, hana chakula, na anapigana na wengine. Huyo ndiye anayerudi kijijini na ugonjwa. Chanjo ianze akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kipimo chake ni asilimia 70 ya mbwa kuchanjwa. Yaani kijiji chenye mbwa 50, wasipungue 35. Kikundi kinaweza kuhesabu mbwa wa kijiji kwa siku moja, kisha kwenda kwa afisa wa mifugo na orodha mkononi. Mtu mmoja akienda na mbwa mmoja huambiwa arudi kesho. Kikundi chenye orodha husikilizwa.

Na mjue kutofautisha. Mtoto wa mbwa anatafuna kwa mchezo, na mkimwita anakuja. Lakini mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali, anauma mti na mawe na mnyororo, sauti imekwaruza, mate yanatiririka, hawezi kumeza: hayo si meno. Watu hudhani amekwamwa na mfupa, wanatia mkono mdomoni. Msitie! Wafungieni watoto ndani, mwiteni afisa wa mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa na jino aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kulikuwa na maswali. Mzee mmoja aliuliza kama mbwa wa miaka miwili bado anaweza kufundishwa. Anaweza, kwa njia ile ile, ila inachukua muda zaidi, na lazima kwanza mjue anashinda wapi na anakula nini. Mama mmoja akauliza: mbwa amemeza uzi wa wavu, na kipande kinaning'inia nyuma, tukivute? Msikivute kabisa. Uzi ule unaweza kuwa umejifunga ndani, ukiuvuta unakata matumbo. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na akianza kutapika na kukataa chakula, msingoje kesho.